Kung'arisha kisu cha minofu kwa mkono hadi king'ae kama kioo

Kisu cha kuchukulia minofu ya sangara hutoka dukani kikiwa na bapa lenye mistari myembamba iliyoachwa na mashine ya kiwandani. Mistari hiyo, ambayo jicho huizoea upesi na kuacha kuiona, ndiyo inayoshika utelezi wa samaki, mafuta na vipande vya magamba hata baada ya kisu kuoshwa kwa sabuni. Bapa lililosuguliwa hadi likawa kioo huoshwa kwa mara moja tu, halibaki na harufu, na huchelewa kupata madoa ya kutu kwa sababu maji hayana mfereji wa kutuama. Kwa haki ni lazima niseme pia kwamba bapa laini sana huweza kunata kwenye mnofu mpana wenye maji, kama vile vioo viwili vilivyolowa vinavyong'ang'aniana, hivyo wapo wachakataji wa Kirumba, hapa Mwanza, wasiotaka kabisa kisu cha namna hii. Mimi ninakipenda, hasa kwa kazi ya kutoa mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, ambayo huharibika thamani yakikwaruzwa.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu wengi hushindwa hapo. Dawa ya kung'arishia haitengenezi kioo. Kioo hutengenezwa na msasa, na dawa huja mwishoni kuonyesha tu kama msasa ulifanya kazi yake au haukuifanya.

Kukitambua chuma chenyewe

Mwongozo huu unahusu kisu chenye bapa la sentimita 18 hadi 20, kilichotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wengi wa mjini hukiita stenlesi kwa kifupi. Chuma hicho huitwa hivyo kikiwa na kromiamu isiyopungua takriban asilimia 10.5, na visu vingi vya kazi ya samaki na nyama huwa na asilimia 13 hadi 15. Kromiamu hiyo hukutana na hewa na kujenga utando mwembamba mno usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, almradi uso wa chuma uwe safi na upate hewa.

Aina ya chuma inayotumika katika visu ilitokana na kazi ya Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Brearley hakuwa akitafuta chuma cha visu hata kidogo, bali alikuwa akichunguza namna ya kuzuia mitutu ya bunduki isilike upesi. Ilikuwa bahati kwamba Sheffield ulikuwa mji wa wafua visu, na manufaa ya chuma kile yakaonekana mezani kabla ya kuonekana vitani.

Watu hupima stenlesi kwa sumaku, wakisema kwamba ikinasa basi chuma ni bandia. Kipimo hicho kinafaa kwa baadhi ya masufuria na masinia, lakini kwa kisu kinapotosha, kwa sababu chuma cha kisu lazima kiweze kukazwa kwa moto, na aina inayokubali kukazwa hivyo hunaswa na sumaku sawasawa na chuma cha kawaida. Kinachopaswa kuchunguzwa zaidi ni kama bapa limepakwa nikeli au kromu juu ya chuma duni. Angalia karibu na mpini na kwenye ncha: ukiona ganda linalobanduka, kijipu cha kutu kilichoinuka chini ya mng'ao, au rangi mbili zinazopakana, kisu hicho kiache kama kilivyo, maana msasa utaondoa ganda lote na kukuachia chuma kitakachoota kutu kabla ya Ijumaa.

Vifaa

Unahitaji msasa wa maji, yaani ule mweusi au wa kijivu usioharibika ukilowa, wa namba 240, 400, 600, 800, 1000, 1500 na 2000. Namba ikipanda, chembe hupungua ukubwa: msasa wa namba 240 una chembe za wastani wa takriban maikroni 58, wa 400 maikroni 35, wa 1000 maikroni 18, na wa 2000 kama maikroni 10, ambayo ni sehemu ya mia moja ya milimita. (Karatasi hii imerithi jina la mti. Msasa ni mti wenye majani makavu yanayokwaruza, ambayo maseremala wa zamani waliyatumia kulainishia mbao.) Karatasi mbili za kila namba zinatosha visu viwili, nawe usinunue msasa ambao mwuzaji ameuacha juani kwa miezi, kwa sababu gundi yake hukauka na chembe hupukutika.

Pamoja na msasa, tafuta ubao ulionyooka wenye urefu wa kama sentimita 40, kibao kidogo cha mbao ngumu kinachoenea vidoleni, kipande cha soli ya kandambili chenye ukubwa huohuo, gundi ya karatasi ya kufungia (yaani utepe wa karatasi wenye gundi upande mmoja), kalamu nene ya wino usiofutika, ndoo mbili za maji safi, sabuni ya maji, vitambaa vya pamba vilivyofuliwa mara nyingi, na tochi, hata ile ya simu. Kwa hatua ya mwisho unahitaji dawa ya kung'arishia metali ya aina ya krimu, kama Autosol au Brasso, au mche wa dawa ya kijani wa kung'arishia unaouzwa na baadhi ya maduka ya vifaa. Kinachoipa dawa hiyo rangi ya kijani ni oksidi ya kromiamu, nayo ni jamaa wa karibu wa ule utando unaokilinda kisu, ila hapa imesagwa kuwa unga.

Kuhusu maji, usichote moja kwa moja kutoka ziwani. Maji ya Ziwa Viktoria si ya chumvi, na kwa hilo visu vya Mwanza vina nafuu kuliko vya Tanga au Kilwa, lakini yale ya ufukweni hubeba mchanga mwembamba, na punje moja ya mchanga chini ya msasa wa 1500 itachora mstari utakaokurudisha nyuma hatua tatu. Kwa sababu hiyohiyo, chagua mahali pa kufanyia kazi kwa uangalifu. Jiji letu limejengwa juu ya miamba ya matale, na vumbi linalopeperuka kutoka kwenye miamba hiyo na kwenye barabara za vilimani lina chembe za kwazi, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kisu. Barazani wakati wa upepo wa Julai si mahali pa kazi hii. Kaa ndani, karibu na dirisha, na umwagie sakafu maji kidogo kabla ya kuanza ili vumbi litulie.

Maandalizi ya kisu

Makali yafishwe kwanza. Najua hili huumiza moyo wa mtu anayekijali kisu chake, lakini kunoa ni kazi ya mwisho kabisa, na kisu kikali kinachosuguliwa kwa saa nyingi na mikono yenye sabuni ni ajali inayosubiri siku. Buruta makali mara nne au tano juu ya kinoo au chini ya kikombe cha kauri, kwenye ule mviringo usio na rangi, hadi yasiweze kukata karatasi. Kisha yafunike kwa gundi ya karatasi upana wa milimita mbili hivi, na uzungushe gundi nyingine kwenye mpini pale unapokutana na bapa, maana mpini wa plastiki ukiguswa na msasa hupata ukungu usiofutika.

Osha bapa kwa maji ya moto na sabuni mara mbili. Mafuta ya sangara ni mengi na hujificha, na yakibaki huziba chembe za msasa. Ukishakausha, zima taa na umulike bapa kwa tochi kutoka upande, karibu kabisa na uso wake, si kutoka juu. Mwanga wa upande hufichua mashimo ya kutu, mikwaruzo mirefu na mabonde ambayo mwanga wa juu huyaficha. Shimo lililozama sana usijaribu kulimaliza, kwa sababu utalazimika kulipunguza bapa zima hadi kina chake, na kisu cha minofu ni chembamba tayari. Amua pia kuhusu chapa ya mtengenezaji. Ikiwa imechorwa juujuu itafutika kwa msasa wa kwanza tu. Kama unaitaka, ifunike na ukubali kwamba sehemu hiyo itabaki bila kioo.

Laza bapa juu ya ubao huku mpini ukining'inia nje ya ukingo. Mpini ni mnene kuliko bapa, hivyo ukiulaza ubaoni pamoja nalo, bapa litaelea hewani na kupinda kila unapokandamiza, na kisu cha minofu hupinda kwa urahisi. Bapa lazima liegemee ubao kwa urefu wake wote. Vijisumari vitatu vilivyopigwa kuzunguka bapa, vichwa vikiwa chini ya usawa wake, vitakizuia kisu kisitembee.

Kupiga msasa

Kata msasa wa 240 vipande vinavyoenea kibao cha mbao ngumu, uloweke dakika kumi katika maji yenye tone la sabuni, kisha chora bapa zima mistari ya kalamu ya wino. Anza kusugua kukingama bapa, ukitoka mgongoni kwenda kwenye makali na kuinua kibao kila unaporudi, kamwe usisukume kutoka kwenye makali kwenda mgongoni, kwa sababu makali, hata yaliyofishwa, hukamata karatasi na vidole hufuata. Wino utakapofutika kila mahali utajua kwamba bapa limekuwa sawa. Pale unapobaki pana bonde, nawe endelea hadi bonde lifikiwe badala ya kukandamiza kibao palepale. Kibao kigumu ni cha lazima katika hatua hii. Ukitumia kidole au kitambaa, msasa utaingia katika kila bonde na kulifuata umbo lake, na mwishoni utapata kioo chenye mawimbi kinachopindisha sura ya mtu.

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na mimi huipa karibu nusu ya muda wa kazi nzima, yaani saa tatu kati ya saba. Usikandamize ili kuharakisha. Uzito wa mkono unatosha, na karatasi ikianza kuteleza bila kusikika sauti ya mkwaruzo imekwisha makali, hivyo itupe na uchukue nyingine.

Ukimaliza pande zote mbili, osha kila kitu: kisu, ubao, mikono, hata kucha. Mwaga maji ya ndoo ya kwanza. Chembe moja ya 240 iliyobaki kwenye ubao itaharibu kazi ya 600 bila wewe kujua imetoka wapi.

Sasa chukua msasa wa 400 na ubadili mwelekeo. Safari hii sugua kufuata urefu wa bapa, kutoka mpinini kwenda nchani. Sababu ya kubadili mwelekeo ni kwamba mikwaruzo mipya ikikatiza ya zamani, utaweza kuitenganisha kwa macho: maadamu unaona hata mstari mmoja unaokingama, kazi ya 240 haijafutwa. Ukisugua kwa mwelekeo uleule, mistari yote hufanana na utadanganyika. Ukiona kwamba yote imetoweka, ongeza tena nusu ya muda uliotumia, kwa sababu mkwaruzo huwa na kina kuliko unavyoonekana, na sehemu yake ya chini kabisa hujificha ndani ya ukungu wa msasa mpya na kujitokeza baadaye.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Kisu changu cha kwanza nilikipeleka kutoka 240 hadi 1000 kwa mruko mmoja, nikakipaka krimu jioni chini ya taa ya chumbani, kikang'aa hata nikawaita majirani. Asubuhi nilikitoa nje, Igombe, jua likiwa bado chini juu ya maji, na bapa zima likaonekana kama shamba la viazi lililopigwa matuta. Krimu ilikuwa imeyang'arisha matuta na mifereji yake kwa uaminifu mkubwa. Nilirudi kwenye 240.

Endelea hivyo kwa 600 kukingama, 800 kwa urefu, 1000 kukingama tena, ukiosha kila kitu kati ya namba na namba. Kuanzia 800 kazi huenda haraka, robo saa hadi dakika ishirini kwa kila upande. Kuanzia 1000 weka kibao cha mbao pembeni na utumie kipande cha soli ya kandambili chini ya msasa, kwa sababu bapa limeshanyooka na sasa unataka karatasi ikae kwa upole bila kingo zake kuchora. Usianze na kandambili mapema zaidi ya hapo, maana raba hulainisha kona na kuufanya mstari unaotenganisha bapa na mgongo upotee, na kisu kikapata sura ya sabuni iliyotumika.

Namba 1500 ipige kwa urefu. Namba 2000 ipige pia kwa urefu, ukivunja ile kanuni ya kubadilisha, ili mikwaruzo midogo itakayobaki ifuate umbo la kisu na isishike jicho. Kwenye hatua hizi mbili badilisha maji kila dakika tano, tumia sabuni zaidi, na ukisikia mkwaruzo wa sauti ngeni, simama papo hapo. Hiyo ni punje. Ukisugua mara mbili zaidi ili kuhakikisha kama ni punje, umeshachelewa.

Kufikia hapa bapa litakuwa na rangi ya kijivu inayong'aa, na sura yako utaiona kama ndani ya maji yaliyotibuka kidogo. Ni sawa. Mwanga tunaouona una mawimbi ya urefu wa kati ya maikroni 0.4 na 0.7, na mikwaruzo ya msasa wa 2000 bado ni mikubwa kwa kiasi cha kuutawanya.

Kupaka dawa

Kausha kisu, ubadilishe nguo kama ina vumbi, na utandike kitambaa safi cha pamba juu ya ubao ili upande wa chini usikwaruzwe wakati unashughulikia wa juu. Chukua kipande cha ngozi laini au cha jinzi kuukuu, ukivute juu ya kibao, upake krimu kiasi cha punje ya mharagwe, na usugue kwa urefu wa bapa kwa mkandamizo wa wastani. Krimu itageuka nyeusi. Weusi huo ni chuma chenyewe kinachotoka, na ni dalili njema. Ukitumia mche wa kijani, usugue kwanza kwenye ngozi iliyotiwa tone la mafuta ya cherehani ili ushike.

Fanya mizunguko mitatu ya dakika kumi kwa kila upande, ukifuta kila mara kwa kitambaa kipya, na mzunguko wa mwisho uwe kwa kitambaa cha pamba kilicho na dawa kidogo sana na mkono mwepesi kabisa. Dawa ya meno, ambayo wengi huisifia, inafaa kwa fedha na shaba lakini kwa chuma kilichokazwa ni ya kupotezea muda. Stilwaya ya kusugulia masufuria isikaribie bapa hata siku moja, kwa sababu huacha vipande vidogo vya chuma cha kawaida vinavyoota kutu juu ya stenlesi, na watu hudhani kisu ndicho kilichoshika kutu. Wapo wanaopeleka kisu kwa fundi mwenye grainda yenye gurudumu la kitambaa, na kazi inakwisha kwa dakika kumi. Lakini gurudumu hunasa ncha na kurusha kisu, na joto likizidi kwenye chuma chembamba karibu na makali, ukakamavu wake hupungua na hakitashika ukali tena. Kwa mkono huwezi kufikia joto hilo.

Kupima kioo

Simamisha rula wima juu ya bapa, namba zikianzia kwenye chuma, na uzisome katika taswira iliyo ndani ya kisu. Bapa la msasa wa 2000 pekee litakuonyesha sentimita chache za kwanza kabla namba hazijafifia. Kioo cha kweli kitakuwezesha kusoma hadi 15 au 20 bila ukungu. Rudia kipimo karibu na mpini na karibu na ncha, sehemu mbili ambazo mkono huzikimbia, kisha utoke nje na uangalie bapa kwenye jua la asubuhi au la jioni. Ukiona mstari mmoja unaokingama, utambue ni wa namba ipi kwa unene wake, urudi kwenye namba iliyofuata baada ya hiyo, na uanze pale, si nyuma zaidi.

Baada ya kisu kung'aa

Osha dawa yote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha kabisa, uondoe gundi ya karatasi, na ukiache kisu mahali pakavu penye hewa kwa siku nzima ili ule utando wa kromiamu ujijenge upya juu ya chuma kipya. Ndipo unoe, ukiwa umefunika bapa kwa gundi ya karatasi ikaacha makali tu nje, kwa sababu tope la kinoo ni msasa mwingine.

Kwenye kazi, kisu hiki kioshwe mara tu baada ya kutumika, hasa kama kilikata kayabo au samaki mwingine wa chumvi, maana klorini iliyo katika chumvi ndiyo inayotoboa utando na kuchimba vishimo vidogo. Dawa ya kufulia yenye klorini, ambayo baadhi ya watu huloweka visu ndani yake usiku kucha ili kuua harufu, hufanya uharibifu uleule kwa kasi zaidi. Tumia upande laini wa sponji, ukaushe kwa kitambaa, na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi yenye unyevu. Alama za vidole zitaonekana sana, na hilo halina dawa ila kufuta. Krimu kidogo kila baada ya wiki tatu au nne inatosha kurudisha mng'ao, na mkwaruzo wa kawaida wa mifupa ya sangara huondoka kwa kuanzia msasa wa 1500.